Watoto wa shule, skrini na kucheza: maswali ambayo wazazi huuliza sana

Nafundisha michezo shule ya msingi Dar es Salaam. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, getini jioni watoto wanapochukuliwa, na kwenye magrupu ya darasa ya WhatsApp, mengine saa nne za usiku. Karibu yote huanza na simu. Mimi huwaomba wazazi waanze na siku nzima ya mtoto: anaamka saa ngapi, anarudi saa ngapi, anacheza wapi, analala lini. Mara nyingi simu imechukua nafasi iliyoachwa wazi na uwanja uliojengwa fremu za maduka, rafiki aliye twisheni, na geti lililofungwa kufuli.

Mtoto wa shule anatakiwa kucheza muda gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za shughuli zinazoufanya mwili ufanye kazi kweli. Angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za nguvu zaidi, pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia kasi, kuruka na kupanda.

Neno la kuangalia hapo ni wastani. Alhamisi ikiwa ngumu, Jumamosi inaweza kufidia. Tena dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo: robo saa wakati wa mapumziko, dakika kumi za kutembea haraka kutoka kituoni, nusu saa ya jioni, zote zinajumlishwa.

Utajuaje kwamba mtoto anafanya mazoezi ya kutosha na hazururi tu uwanjani? Mwongeleshe. Kama anaweza kukujibu ila hawezi kuimba, mwili unafanya kazi. Kama anakujibu neno moja moja huku anahema, hiyo ni ya nguvu.

Watazame wasichana wakicheza rede. Wawili wamesimama pande mbili, wanarushiana mpira wa soksi. Wa katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa: anainama, anachota, anajirusha pembeni, anageuka, anarudi kwenye chupa. Dakika tano tu shati limelowa mgongoni. Amekimbia, ameruka, amechuchumaa, amekadiria umbali na kasi ya mpira, na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi.

Na skrini je, ruhusa ni saa ngapi?

Kwa wadogo, jibu liko wazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, pungufu ni bora.

Kwa watoto wa shule, shirika hilo halikutaja idadi ya saa. Lilisema muda wa kukaa upunguzwe, hasa ule wa skrini kwa burudani. Kanada ilitoa mwongozo wake mwaka 2016 na kuweka kikomo cha saa 2 za burudani kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Mwaka huohuo madaktari wa watoto wa Marekani waliacha kutaja kikomo kimoja kwa watoto wa shule, wakawataka wazazi waweke mipaka isiyobadilikabadilika na wahakikishe skrini haili usingizi wala michezo.

Maoni yangu: saa 2 ziwe dari ya mwisho wa wiki na likizo. Siku za shule, kwa mtoto wa mjini, saa 2 hizo hazipo. Swali linalofuata linaonyesha kwa nini.

Mwanangu anaondoka na giza na kurudi na giza. Hiyo saa ya kucheza nitaitoa wapi?

Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu anayeuliza anasema kweli.

Tupige hesabu ya mtoto wa darasa la nne anayepanda gari la shule. Gari linapita saa 11 alfajiri, kwa hiyo anaamshwa saa 10:30. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 11 za usingizi. Hata tukichukua zile 9 za chini kabisa, anatakiwa awe amelala saa 1:30 usiku. Kama gari linamrudisha saa 11 jioni, zimebaki saa mbili na nusu za kuoga, kula, kufanya kazi za shule, kusali, kwenda madrasa au kukaa na ndugu zake. Sasa pima mwenyewe katuni ya saa moja na nusu inakaa wapi hapo. Inakaa juu ya usingizi wake. Kesho yake namwona mimi, saa tatu asubuhi, amelalia dawati.

Yapo mambo manne ambayo nimeona familia zikiyafanya yakafaa.

La kwanza, mtoto aanzie nje akirudi. Asiingie sebuleni kwanza. Begi lipokewe mlangoni, abadilishe sare, anywe maji, atoke nusu saa kabla jua halijazama. Akishakalia kochi na rimoti mkononi, kumtoa ni ugomvi. Kazi za shule zifuate baada ya kuoga, akili imeshapumua.

La pili, zungumzeni na shule kuhusu njia ya gari. Kuna watoto wanaozungushwa mjini zaidi ya saa nzima kwa sababu tu majina yao yako mwisho wa orodha. Wazazi wa mtaa mmoja wakienda pamoja, njia hupangwa upya. Mzazi mmoja akienda peke yake huambiwa ataangaliziwa.

La tatu, ulizeni shule mapumziko ni dakika ngapi na watoto wanaruhusiwa kukimbia au wanaambiwa wakae. Mapumziko mawili ya robo saa yanayochezwa kweli ni nusu ya hesabu ya siku, na hayakugharimu kitu.

La nne ni twisheni ya Jumamosi. Najua shinikizo lilivyo. Lakini mtoto wa darasa la pili anayesoma siku sita kwa wiki amenyimwa siku pekee ambayo mwili wake ungefidia. Iacheni angalau hadi awe mkubwa.

Hili si tatizo la Wazungu? Watoto wetu si wanakimbia toka asubuhi?

Wengine wanakimbia. Wengi wa mjini hawakimbii tena.

Utafiti mkubwa uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146 ulionyesha kwamba mwaka 2016 asilimia 81 hawakufikia ile saa moja kwa siku. Nchi maskini na tajiri zote zilikuwemo, tofauti haikuwa kubwa kama watu wanavyodhani.

Wa karibu zaidi ni ule uliofanyika nchi 12, Kenya ikiwemo, kwa watoto wa miaka 9 hadi 11. Nairobi iliwakilishwa na watoto zaidi ya 500, kazi ikiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto hawakuulizwa tu. Walifungwa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi mwendo. Waliofikia kiwango walikuwa chini ya 13 kwa kila 100, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi. Hiyo ni Nairobi, mji mkuu wa nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa wanariadha wake. Kwa jamii ya Wanandi, wanakotoka wengi wa wanariadha hao, watafiti walipolinganisha vijana wa vijijini na wa mjini, wa vijijini walikuwa na mwendo zaidi na mafuta mwilini machache zaidi. Damu ni moja. Kilichobadilika ni umbali wa shule, kazi za nyumbani na nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo mtoto anayekwenda shule kwa miguu ana kitu ambacho mwenzake wa kwenye gari hana. Nasikitika ninapoona mzazi akiona aibu kwamba mwanawe anatembea. Aibu iko kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Kazi za shule zinatumwa kwenye simu. Muda huo nao unahesabiwa?

Hauhesabiwi kama burudani. Ila mwili haujui kama mtoto anatazama sehemu za mimea au vichekesho, umekaa tu. Akikaa nusu saa asimame, achote maji ya kunywa, apande ngazi mara mbili, arudi.

Tatizo lenyewe ni kwamba simu iliyofunguliwa kwa ajili ya kazi ya shule haifungwi. Nakili swali kwenye daftari, au lipeleke likachapwe stationari, kisha simu irudi kwako. Na ninawaomba walimu wenzangu: kazi ya darasa la tatu iandikwe ubaoni.

Katuni za elimu je? Za Kiswahili, zinazofundisha hesabu?

Zipo nzuri, nyingine zimetengenezwa hapahapa Dar es Salaam, na mtoto anayejifunza kuhesabu kwa lugha yake kutoka runingani amepata kitu cha thamani. Kaa naye, muulize amesikia nini, imba naye. Zikiisha, zima. Ubora wa kipindi haubadilishi ukweli kwamba amekaa.

Akicheza ile saa moja, basi nimwachie simu atakavyo?

Hapana. Saa moja ya mbio hailipi deni la saa tano za kukaa, na haimrudishii usingizi aliopoteza. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na gemu lenyewe huuacha moyo ukidunda wakati mwili ulitakiwa kutulia. Zima vyote saa moja kabla ya kulala, na simu zilale chumba kingine. Yako pia, mzazi, kama mnalala chumba kimoja na mtoto.

Nikimnyang'anya simu nyumba inawaka moto. Nifanyeje?

Usinyang'anye. Weka utaratibu kabla ya simu kutoka mfukoni mwako.

Wengi wa watoto ninaowafundisha hawana simu zao. Wanatumia ya mama, ya baba, ya shangazi aliyekuja kusalimia. Hilo ni jambo jema, maana mwenye simu ni wewe. Badilisha namba ya siri. Kubalianeni siku na saa: kwa mfano Jumamosi na Jumapili baada ya chakula cha mchana, mpaka kipindi fulani kiishe. Mtoto huelewa zaidi kuambiwa “ukimaliza mchezo huu mmoja” kuliko “dakika ishirini”. Mpe taarifa kabla ya mwisho. Zima ule mpangilio unaofungulia video nyingine yenyewe, kwa sababu huo umetengenezwa ili asiache. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Family Link ya Google kuweka kikomo. Kwenye iPhone kipengele hicho kimo tayari kwenye mipangilio.

Halafu uwe na kitu cha kumpa badala yake. Kumwambia mtoto wa miaka minane “zima ukacheze” wakati geti limefungwa na rafiki hayupo ni kumwambia akakae gizani. Awe na kamba, mpira, ruhusa ya kwenda kwa jirani, au dakika ishirini za wewe mwenyewe.

Siku nne za kwanza atalia. Wazazi walioshikilia wiki mbili huniambia kelele ziliisha. Walioachia siku ya tatu huniambia watoto wa siku hizi hawawezekani. Jambo jingine: simu isiwe zawadi ya kufaulu. Ukimwambia akipata alama A atapewa simu siku nzima, umemfundisha kwamba hicho ndicho kitu bora kuliko vyote nyumbani.

Ni kweli simu inaharibu macho?

Kinachojulikana vizuri zaidi ni upande wa pili wa swali hilo: kukaa nje kunayalinda macho.

Mjini Guangzhou, China, watafiti walichukua shule za msingi 12. Katika nusu yake, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kipindi cha dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kwenye shule hizo watoto walioanza kushindwa kuona mbali walikuwa karibu 30 kwa kila 100. Kwenye shule nyingine walikuwa karibu 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Taiwan nayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku. Mwanga wa mchana ndio unaosaidia, hata chini ya kivuli cha mwembe, kwa hiyo hakuna haja ya kumchomesha jua la saa saba.

Kwa mtoto anayetazama karibu muda mrefu, iwe simu au kitabu, kuna kanuni nyepesi: kila dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Akianza kukunja macho kutazama ubao, au kusogelea runinga, mpeleke akapimwe. Nimekuwa na watoto walioitwa wazembe ambao walihitaji miwani tu.

Mtaani kwetu hakuna uwanja. Tunaishi vyumba viwili, nje ni barabara.

Michezo yetu mingi ilizaliwa kwenye nafasi ndogo. Kuruka kamba kunahitaji hatua mbili za ardhi na kunapandisha mapigo ya moyo haraka kuliko michezo mingi ya uwanjani. Ukuti ukuti, rede, nage, kombolela ya kuzunguka nyumba, chandimu ya watu watatu kwa watatu kwenye uchochoro. Ndani mvua inaponyesha, wawashie muziki wacheze ngoma. Dakika kumi za singeli huacha hata baba akihema. Mdako na gololi ni michezo mizuri ya mikono na akili, napenda kuiona ikichezwa, ila hiyo haiingii kwenye zile dakika 60.

Usalama ni jambo zito na silipuuzi. Mzazi anayefunga geti kwa sababu bodaboda wanapita kasi mlangoni hana kosa. Katika miji yetu barabara ni hatari kubwa kwa mtoto anayetembea. Kinachosaidia ni watu wazima kupeana zamu. Nimeona mtaa mmoja ambapo kina mama wanne waligawana siku: kila jioni mmoja anatoa kiti nje saa kumi na moja hadi kumi na mbili, anachambua mchele wake, watoto wa nyumba zote wanacheza mbele yake. Mwanzoni walikuwa watoto sita. Sasa ukipita hapo huwezi kuhesabu.

Pelekeni pia madai kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa: matuta, alama za kivuko, eneo la wazi lisivamiwe. Shirika la Amend limejenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule kadhaa za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 mradi wake huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji. Njia ya mita mia mbili iliyotengwa na magari huamua kama mtoto atatembea au atapakizwa.

Mwisho wa wiki, tumieni vilivyopo. Dar kuna fukwe, kuna Mnazi Mmoja, kuna bustani ya michezo ya vijana ya Kidongo Chekundu. Nairobi kuna msitu wa Karura, Mombasa kuna bustani ya Mama Ngina kando ya bahari.

Binti yangu wa miaka 12 ameacha kabisa kucheza. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba inatokea sana. Katika ule utafiti wa nchi 146, wasichana wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 85, wavulana 78. Lakini kawaida hiyo imetengenezwa.

Muulize taratibu, mkiwa wawili. Wakati mwingine ni sketi ya sare inayopepea, akivaa suruali ya michezo au bukta ndefu ndani anarudi uwanjani kesho yake. Wakati mwingine ni matiti yameanza na wavulana wanacheka. Anahitaji sidiria imara na mwalimu anayekemea. Hijabu iliyobanwa vizuri haimzuii kukimbia. Kama ni hedhi, mwambie waziwazi kwamba kucheza hakumdhuru, na wengine maumivu hupungua wakijinyoosha na kutembea. Ahakikishiwe pedi na mahali pa kubadilishia shuleni. Shule isiyo na choo chenye mlango na maji inawafukuza wasichana uwanjani bila kutamka neno.

Na mara nyingi jibu ni kwamba hana muda. Kaka yake akirudi anatupa begi na kukimbilia mpira, yeye anapokewa na vyombo.

Kwani kazi za nyumbani si mazoezi?

Ni mazoezi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unazitaja. Kudeki, kuteka maji, kufua kwa mkono, kufagia uwanja mzima, hizo zinatoa jasho. Kuosha vyombo umekaa kwenye kigoda hakutoshi.

Wagawieni watoto wote, wa kiume na wa kike, kisha wote watoke wakacheze. Kucheza kuna kitu ambacho ndoo ya maji haina: kupanga timu, kugombana na kupatana, kushindwa mbele za watu na kurudi tena.

Michezo haitamshusha darasani? Mwaka huu ana mtihani wa darasa la saba.

Ushahidi unaelekea upande mwingine: shughuli za mwili husaidia umakini na matokeo ya masomo. Nami naona kila wiki. Kipindi kinachofuata baada ya michezo, walimu wa hesabu huniambia darasa limetulia. Mtoto wa darasa la saba anahitaji jioni ya kukimbia kuliko wakati mwingine wowote, na usingizi kuliko vyote.

Mtaala wa msingi Tanzania una somo la Sanaa na Michezo. Lipo kwenye ratiba, ila katika shule nyingi ndilo la kwanza kuporwa mtihani unapokaribia. Kikao cha wazazi kijacho, uliza kipindi hicho kinafundishwa siku gani na nani. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, ni jambo zuri, lakini inachukua wachache wenye vipaji. Namfikiria yule mnene wa mwisho kuchaguliwa, ambaye hajawahi kupewa jezi. Yeye ndiye somo hili liliwekwa kwa ajili yake.

Na kuna tabia moja naomba tuikomeshe, shuleni na nyumbani: kumwadhibu mtoto kwa kichurachura, pushapu au kuzunguka uwanja. Tukitumia mwendo kama adhabu na simu kama zawadi, tusishangae mtoto anachagua nini.

Kutwa anataka gemu, na pesa ya matumizi inaishia kwenye kibanda cha PS. Amekuwa teja?

Taratibu na neno hilo. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa gemu, na umo katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia kila kitu maishani, anaendelea hata akiona madhara, na hali hiyo kwa kawaida imeonekana kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayependa gemu sana na bado anakula, anasoma, ana marafiki, ni mtoto anayependa gemu.

Cha kuangalia ni mabadiliko. Ameanza kudanganya, kuiba pesa, kutoroka shule, haogi, haongei? Zungumza na mwalimu wa ushauri na umpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Usimpige, atahama kibanda tu. Nenda pia ukazungumze na mwenye kibanda kwa heshima. Wengi ni vijana wa mtaani hapohapo, na ukimwambia mtoto huyu asikae hapa saa za shule, atakusikia.

Mchana mimi niko kazini. Dada anawawashia runinga mpaka nirudi.

Dada ana mtoto mchanga mgongoni, nguo kwenye karai na sufuria jikoni. Runinga ndiyo msaidizi pekee uliyemwachia. Kabla ya kumlaumu, mpe mamlaka na mpango: saa ngapi inazimwa, watoto wanatoka wapi, nani jirani wa kuitwa likitokea jambo. Waambie watoto mbele yake kwamba akisema zima, ni wewe umesema. Punguza kazi yake ya jioni moja ili awasimamie nje. Na chakula kisiliwe mbele ya runinga. Mtoto anayetazama hula bila kujua ameshiba, na matangazo ya soda na biskuti yanamwambia aongeze.

Mwanangu ana pumu. Mwingine ana siko seli. Nao wacheze?

Wacheze, kwa mpango.

Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kukimbia na wenzake. Dawa ya kuvuta iwe karibu, si kwenye begi lililofungiwa ofisini, na mwalimu aonyeshwe namna ya kuitumia. Apashe mwili moto polepole. Kama anakohoa au kifua kinabana kila akicheza, pumu haijadhibitiwa. Rudi kliniki warekebishe dawa, usimfungie ndani.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, yaani siko seli, kwa hiyo karibu kila shule kubwa ina mtoto wa namna hii, hata kama hajatajwa. Anaweza kucheza kwa kiasi, akinywa maji mara kwa mara, akipumzika anapotaka mwenyewe bila kuitwa mvivu, na akikwepa jua kali, baridi na kulowa. Mbio za mashindano na mazoezi ya kumchosha kabisa, muulize daktari wake kwanza. Mtoto mwenye ulemavu naye amewekewa lengo lilelile la dakika 60 kwa kadiri mwili wake unavyoweza; mpira unaweza kurushwa ukiwa umekaa, na kamba inaweza kuzungushwa na asiyeruka.

Tuandikie mapema, mwanzoni mwa muhula: ugonjwa ni upi, anatumia dawa gani, dalili za hatari ni zipi, apigiwe nani. Karatasi moja inatosha. Mkabidhi mwalimu wa darasa nakala moja na mwalimu wa michezo nyingine, na dereva wa gari la shule naye aambiwe.